Somo la Nane

Liverpool, Sydney
4 Machi 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu haikusumbui sana na baridi ya Tukuyu. Sisi hatujambo. Godson anakusalimu kwa heshima zote. Bado yuko na wale watu wa reli, anaondoka alfajiri anarudi jioni. Subilaga ametimiza miaka minne. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo ukimpigia simu usidhani ana kiburi.

Nakuandikia barua pepe na si WhatsApp kwa sababu ulishasema mambo ya maana yaandikwe kwa sentensi kamili. Jambo lenyewe ni hili: nimeomba chuo. Nataka shahada ya ustawi wa jamii. Kazi ya kuhudumia wazee naipenda, lakini huu ni mwaka wa nne, na kila nikitaka kusogea mbele naulizwa shahada iko wapi. Ninayo ile miaka miwili niliyosoma hapo chuoni kwenu kabla hatujahama. Chuo kikuu cha huku kinasema miaka hiyo si lazima ipotee. Kuna utaratibu wa kuhamisha krediti: wakiridhika na masomo yangu ya mwaka wa kwanza, yote manane, nitaanzia mwaka wa pili. Wasiporidhika, naanza upya na watoto waliomaliza sekondari juzi.

Nilidhani transcript, ile karatasi ya alama, inatosha. Haitoshi. Wanataka maelezo ya kila somo: mada zilizofundishwa, vitabu, saa za darasani, na jinsi tulivyotahiniwa. Na si masomo ya fani peke yake. Wanataka hata yale ya jumla ambayo kila mwanafunzi wa hapo anayasoma apende asipende: Stadi za Mawasiliano, Kompyuta, na lako la Masomo ya Maendeleo. Afisa anayeshughulikia faili langu anaitwa Vanessa. Aliniambia, "Tumpe, jina la somo halinisaidii. Niambie mlikuwa mnafanya nini humo darasani."

Naomba unisaidie kuyakusanya. Yatoke ofisini kwa msajili, yakiwa na mhuri, na yaende moja kwa moja chuoni kwao, yasipitie kwangu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Mei.

Mwanao,
Tumpe


Tukuyu
2 Aprili 2023

Mpendwa Tumpe,

Marahaba. Miguu haina tatizo jipya. Mvua haijakatika tangu Februari, na maparachichi yanaozea kando ya barabara kwa sababu malori hayapandi. Nyumbani hatujambo.

Nimefanya ulichoomba. Bwana Urbanus, msajili, aliniambia mitaala ya miaka ile ilikuwa kwenye kompyuta iliyopigwa na radi. Tumekubaliana kila mwalimu aandike upya maelezo ya somo lake na kutia saini. Daktari Callixte wa Stadi za Mawasiliano alihamia Dodoma, na ilibidi nimpigie simu mpaka akachoka na mimi. Mwalimu wa Kompyuta alifariki mwaka juzi. Aliyemrithi alikataa kusaini, akasema, "Mimi sikumfundisha huyo binti." Nikamwambia, "Husaini kwamba ulimfundisha. Unasaini kwamba somo lilikuwepo." Akafikiri, akasaini.

La kwangu nimeliandika mwenyewe. Urbanus amelalamika kuwa ni refu kuliko yote mengine. Somo lenyewe ni pana. Sikuona cha kupunguza. Bahasha imefungwa kwa lakiri na imeondoka Ijumaa.

Ulipoacha masomo mwaka 2018 nilisema nilichosema, na sitakirudia. Sasa umalize.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie Subilaga bibi yake anajua Kiingereza, ila hatakitumia.

Mama yako


Liverpool, Sydney
19 Juni 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za baridi? Huku nako ndiyo imeingia, na nyumba za huku hazikujengwa kwa ajili yake. Tunalala na soksi. Subilaga alipata kikohozi, amepona. Godson mzima.

Majibu yametoka. Nimeona nikuandikie yote kama yalivyo.

Vanessa aliniita ofisini kwake. Alikuwa ameyapanga mezani maelezo ya masomo yote manane. Akasema hakuna hata moja lililokataliwa kwa yaliyomo. La kwako alilisifu, akasema angependa walimu wa pale pale kwao waandike hivyo. Nikafurahi mapema. Kisha akavuta transcript.

"Tunahitaji B kwenda juu, kwa yote manane," akasema. "Saba unazo."

"Na la nane?"

"La nane ni C."

Ni lako, Mama. Masomo ya Maendeleo.

Nikamwuliza kama hawawezi kunipa yale saba, hilo moja nikalisoma pembeni. Akasema kanuni yao ni kama kifurushi cha simu, hukatiwi nusu. Ama mwaka mzima wa kwanza unahesabiwa kwa pamoja, ama unahesabiwa masomo matatu tu yaliyofanana kabisa na ya kwao. Hayo matatu hayanivushi. Bila mwaka kamili siruhusiwi kwenda kwenye mazoezi ya kazi, na mwaka wa pili wote umesimama juu ya mazoezi hayo. Nikamwuliza kama kuna rufaa. "Rufaa ya kosa letu ipo," akasema. "Hili si kosa letu."

Nilimshukuru nikatoka. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata wa kumkasirikia.

Sasa kuna neno la Godson. Mama, nakuletea kama lilivyosemwa. Anasema Urbanus ni ndugu yake upande wa mama, na kwamba kubadilisha herufi moja ni suala la dakika tano kama mwenye somo hana kipingamizi. Mwenye somo ni wewe.

Mwanao,
Tumpe


Tukuyu
21 Juni 2023

Tumpe,

Salamu. Nafurahi mtoto amepona.

Jibu ni hapana. Mwambie mkwe wangu nimemsikia, na asimpigie Urbanus simu. Alama ikishapitishwa na seneti si mali yangu, wala si mali yako. Ingekuwa mali yangu, jibu lingekuwa lile lile.

Mama yako


Liverpool, Sydney
25 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Godson hatampigia mtu. Nilileta maneno yake kwa sababu uliniambia nisikufiche kitu. Mimi sikuomba, wala siombi, unibadilishie alama.

Ninalo swali langu mwenyewe, na nimekaa nalo muda mrefu. Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wako, darasa lenye watu zaidi ya mia. Nikinyosha mkono, unaniruka. Siku ya kurudisha majaribio ulisoma kosa langu mbele ya wote bila kutaja jina, na wote wakageuka kunitazama, maana walishajua makosa unayoyasoma kwa sauti ni ya nani. Unamkumbuka Arakaza, yule Mrundi niliyekaa naye chumba kimoja bwenini? Kiingereza kilikuwa kinamtesa, akasoma somo lako kwa madaftari yangu. Alipata B+. Matokeo yalipobandikwa alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu anakuonea wewe ili sisi tusiseme anakupendelea." Nilimkatalia. Nilikutetea, Mama. Tulikaa wiki mbili hatuongei kwa ajili yako.

Sasa nakuuliza wewe. Karatasi ile ingekuwa ya mtoto wa mtu mwingine, ungeipa C?

Nijibu ndiyo au hapana. Nitapokea lolote.

Mwanao,
Tumpe


Liverpool, Sydney
3 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu kwenye simu unaongea na Subilaga tu, na zamu yangu ikifika chaji yako inaisha.

Sikuandikii kudai jibu. Nakujulisha kwamba nimeanza. Mwaka wa kwanza, tangu mwisho wa Julai. Siku tatu kwa wiki nafanya kazi, siku mbili nasoma, na Godson amebadilishiwa zamu ili ampeleke mtoto chekechea. Darasani nakaa na vijana wa miaka kumi na minane. Ni watoto wazuri. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mwalimu, nikamwambia hapana, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Somo moja nililopangiwa ni utangulizi wa kile kile ulichotufundisha: umaskini, serikali, kijiji na mji. Mada ya tatu naijua. Mada ya nne naijua. Naandika hivyo hivyo.

Kazini kuna mama wa Kirundi anaitwa Fébronie, tunafanya naye shift moja. Alikuwa mwalimu wa sekondari kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, miaka tisa. Nilipomweleza habari za C hakunionea huruma hata kidogo. Akasema, "Wewe walikunyima somo moja. Mimi ile makaratasi yangu yote walinirudishia, wakaniambia hii shule haijulikane. Nilianza zero, na nilikuwa na miaka makumi ine na saba. Sikukufa." Kisha akaniambia nimshike mzee upande wa pili tumgeuze.

Basi. Hiyo ndiyo habari ya huku.

Tumpe


Tukuyu
28 Oktoba 2023

Mpendwa Tumpe,

Salamu nyingi. Nimechelewa, na najua. Afya yangu ni nzuri; usidhani kimya kilitokana na ugonjwa.

Uliuliza swali la ndiyo au hapana. Nilianza kwa kuandika ndiyo. Nikaisoma, nikaona si kweli. Nikafuta nikaandika hapana. Nayo si kweli. Hivyo ndivyo Julai ilivyokwisha.

Nikasema niitafute karatasi yenyewe niisome upya. Kwa kanuni karatasi za mitihani hutunzwa miaka mitano kisha huchomwa. Za darasa lenu zilichomwa Januari. Kwa hiyo nimebaki na kumbukumbu yangu peke yake, nayo ni hii: ya kwako niliiweka ya mwisho, baada ya kumaliza zote, ili nisiifanyie haraka. Niliisoma mara tatu. Nilikuwa natafuta kila mahali ambapo mtu angeweza kusema, hapa amempendelea. Za wengine sikuzisoma hivyo. Karatasi yoyote ikisomwa mara tatu na mtu anayetafuta kosa, kosa litapatikana. Lakini makosa nayo yalikuwemo, Tumpe. Hoja yako ya pili haikuwa na ushahidi, hilo nalikumbuka vizuri.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sijui. Si kwamba nakwepa. Sijui.

Nikaona kwamba msahihishaji asiyejua kama alisahihisha kwa haki hakupaswa kuisahihisha karatasi hiyo. Kanuni ya chuo inataka mwalimu anayemfundisha ndugu yake atoe taarifa kwa maandishi, na karatasi isomwe na mtu wa pili. Mwaka ule nilimwambia mkuu wa idara kwa mdomo. Alisema, "Nani mwingine anayelijua somo hili hapa? Endelea tu." Ameshatangulia mbele ya haki na sina haja ya kumtupia lawama, mimi ndiye niliyeijua kanuni. Agosti niliandikia kamati ya taaluma, nikaeleza yote.

Waliniita mwezi huu. Mwenyekiti ni Daktari Salvator, ambaye niliwahi kumfundisha. Aliniuliza, "Mwalimu Dorothea, hakuna aliyelalamika. Kwa nini unajishtaki wakati kustaafu kumekaribia?" Nikamwambia aliyelalamika yupo, ila yuko mbali. Wakanitoa nje, nikakaa kwenye benchi la wanafunzi. Waliponiita tena walikuwa na uamuzi. Alama iliyotolewa na mzazi bila msahihishaji wa pili ni batili. Mimi nimeondolewa kwenye shughuli zote za mitihani mpaka nitakapostaafu. Na wewe, ukitaka, utafanya mtihani maalumu, utakaotungwa na kusahihishwa na mtahini wa nje kutoka chuo kingine.

Nataka uelewe vizuri maana yake. Kuanzia leo huna C. Hawakuipandisha, wameifuta. Mahali pa somo la nane kwenye transcript yako pana mstari mtupu. Usipofanya mtihani, au ukiufanya ukashindwa, utakuwa umepoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho, na atakayekuwa amekupotezea ni mimi. Nililifikiria hilo kabla ya kuandika kwa kamati. Niliandika hivyo hivyo.

Mama yako


Liverpool, Sydney
5 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliifungua kwenye treni nikitoka Bankstown. Nikapitiliza kituo, nikashtukia niko Casula, nikakaa pale kusubiri treni ya kurudi. Nikaisoma tena.

Mwanzo nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilikuuliza swali moja, jibu lake ungeweza kuliandika kwa neno moja. Sikukuomba ujishtaki. Sikukuomba unyang'anywe mitihani baada ya miaka yote hiyo. Na C yangu, mbaya kama ilivyokuwa, ilikuwa yangu. Ungeniuliza kwanza.

Godson aliisoma polepole mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Mama yako si mtu wa mchezo." Nikamwuliza ni sifa au lawama. Akasema hajui. Ila tangu siku hiyo habari za Urbanus hazitaji tena.

Nimekwenda kwa Vanessa kumweleza. Alisikiliza akiwa ameweka kalamu chini. "Yaani mama yako alikuwa mwalimu wako, na amejiripoti mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kwao transcript ni transcript: chuo kikitoa mpya, iliyofungwa, yenye B, wataihesabu, mradi ifike kabla ya Januari 25. Mtihani wenyewe naweza kuufanyia hapa hapa, chini ya usimamizi wa ofisi yao, wautume huko ukiwa na mhuri.

Nitaufanya. Sijakwambia kwamba hasira zimekwisha. Nimesema nitaufanya.

Nitumie basi orodha ya vitabu, na kama kuna mada mpya mlizoongeza tangu wakati wetu.

Mwanao,
Tumpe


Tukuyu
20 Novemba 2023

Mpendwa Tumpe,

Marahaba. Tuko salama. Mvua za kwanza zimeanza.

Orodha ya vitabu iko kwenye maelezo ya somo, na nakala anayo Vanessa. Mwombe yeye. Mimi usiniulize chochote kuhusu somo hili mpaka yote yaishe, hata kitu kidogo, hata kwenye simu. Mtungaji simjui na sijaonyeshwa alichotunga, lakini hilo halitoshi. Inabidi mtu yeyote akituuliza, wote wawili tuweze kusema hatukuzungumza.

Nimerudisha funguo za chumba cha mitihani. Sasa nafundisha tu, sitahini mtu. Wanafunzi wameshapata habari. Hawaniogopi tena kama zamani, na cha ajabu wanauliza maswali mengi zaidi. Sijaamua kama hilo ni jambo zuri.

Nimewaandikia pia kuwa nitastaafu Juni, sitasubiri mwaka uishe.

Ulisema ningekuuliza kwanza. Ni kweli.

Mama yako


Liverpool, Sydney
16 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Huku joto limepanda, mpaka wazee wetu kazini hatuwatoi nje baada ya saa nne asubuhi. Subilaga anaandikishwa shule, ataanza baada ya likizo. Godson anakusalimu.

Mtihani nimeufanya Jumanne. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na kijana wa usimamizi, ambaye alikuwa anasoma kitabu chake na kunitazama kila mara kwa wasiwasi, kana kwamba ningeweza kuruka dirishani. Bahasha ilifunguliwa mbele yangu. Kwa kuwa sasa umekwisha na karatasi imeshaondoka, naona naweza kukusimulia.

Swali la lazima lilikuwa moja: barabara ya lami imefika kijijini, eleza, kwa mfano unaoujua, nani amefaidika na nani ameumia.

Nilijua hoja ambayo ungeitaka wewe. Ningeweza kuiandika hata usingizini: miundombinu, soko, huduma za afya, kisha "hata hivyo" na aya mbili za athari. Nikaiacha. Niliandika habari za kwa bibi. Nikaandika jinsi lami ilipofika wanunuzi wa ndizi walivyoanza kuja na malori mpaka mlangoni, na jinsi wanawake walivyofurahi kuacha kubeba mizigo kichwani, na jinsi baada ya misimu miwili bei ilivyokuwa inapangwa na mwenye lori, kwa sababu hakuna tena aliyekwenda sokoni kusikia wenzake wanauza kwa kiasi gani. Nikamwandika shangazi Tupokigwe, bila jina, ambaye alikuwa akiuza uji kwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, na siku watu walipoacha kutembea akafunga kibanda. Na nikaandika kwamba mwaka huo huo mtoto wa jirani alifikishwa hospitali akiwa hai, kwa barabara hiyo hiyo. Sikusema lipi lina uzito zaidi. Nilisema anayepaswa kuulizwa ni nani.

Ushahidi niliweka, safari hii. Sijui kama mtahini atapenda. Hana haja ya kupenda.

Nilipotoka nilikuta ujumbe wa Fébronie: "Umemaliza? Njoo, kuna mtu hakufika, tuko wachache." Nikapanda basi nikaenda kazini.

Mwanao,
Tumpe


Tukuyu
14 Januari 2024

Mpendwa Tumpe,

Salamu za mwaka mpya. Nimesherehekea na mama zako wadogo. Ng'ombe mmoja amezaa. Kanisani paa limevuja tena. Nimeyaandika haya kwanza ili nisiandike lingine.

Matokeo yamefika chuoni. Najua kwa sababu juzi nilimkuta Urbanus akifunga bahasha yako. Alinitazama akasema, "Mwalimu, unajua siwezi kukuonyesha." Nikamwambia najua. Akasema, "Hata nikikukunjia uso au nikitabasamu, itakuwa nimekwambia." Nikamwambia basi ageukie ukutani. Akageukia ukutani akapiga lakiri, na mimi nikatoka.

Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa wazazi wamekuwa wakija mlangoni kwangu kuuliza mtoto amepata nini. Wengine wametoka mbali kwa miguu. Nilikuwa nawaambia wasubiri, matokeo yatabandikwa, na nikishafunga mlango naendelea na kazi. Sikuwahi kufikiri wanakwenda kufanya nini huko nje. Sasa nimejua. Hawafanyi kitu. Wanazunguka. Nimezunguka soko zima leo na sikununua kitu, muuza nyanya akaniuliza kama nimefiwa.

Simulizi yako ya barabara niliisoma. Sitasema neno juu yake. Si kazi yangu tena.

Ila nakuuliza, na sikuulizi kama mwalimu. Umepata nini?

Mama


Liverpool, Sydney
30 Januari 2024

Mama yangu,

Shikamoo.

B.

Nimeiandika ya kwanza ili usizunguke tena na barua. Siyo B+, siyo A. Ni B, imepita kwa miguu yake miwili. Bahasha ilifika siku tatu kabla ya mwisho. Vanessa aliifungua, akasoma kutoka juu kwenda chini, somo kwa somo, hakuruka, na mimi nikasoma uso wake nikashindwa kuona kitu. Alipofika mwisho akageuza kompyuta yake nione mwenyewe. Mwaka wa kwanza: umehesabiwa wote.

Naanza mwaka wa pili mwisho wa Februari. Ile nusu mwaka niliyosoma na watoto haihesabiwi popote, imebaki kuwa elimu ya jumla, kama ulivyokuwa unapenda kusema kuhusu kitu chochote kisichokuwa na malipo.

Kuhusu C. Nimelifikiria, na nimeamua kuacha kuuliza. B hii haisemi chochote kuhusu ile. Aliyeandika ule mtihani wa kwanza alikuwa msichana aliyekuwa anamwogopa mama yake. Aliyeandika huu ana mtoto anayekwenda shule na mgongo unaouma kwa kunyanyua wazee. Si mtu mmoja, na karatasi ya yule haipo. Ulisema hujui. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, na nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Hilo la tatu lilinikuta sina kinga, na ndilo nililoliamini.

Kuhusu kustaafu Juni sikubaliani nawe, lakini najua hukuniuliza kwa sababu ungeniuliza ningesema hivyo. Godson anasema tukutumie tiketi, uje ukae nasi miezi mitatu. Subilaga anaanza shule keshokutwa. Jana alivaa sare akajitazama kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili, peke yake, bila kuambiwa na mtu, "Mimi mkubwa." Sarufi sijui kama imekaa sawa, wewe ndiye mtaalamu. Sikumsahihisha.

Mazoezi ya kazi yamepangwa Rooty Hill, kwenye ofisi inayohudumia familia zilizofika karibuni. Wiki ya kwanza nitakaa tu pembeni nisikilize. Ya pili watanipa familia yangu. Naogopa, Mama. Nimehudumia wazee wanaokaribia kuondoka duniani na sikuogopa hivi. Niombee. Hilo hakuna kanuni inayokukataza.

Mwanao,
Tumpe